Maji ya Bwana Mdogo

Wako wanaume wanaojua bei ya samli kutoka Lamu mpaka Chundwa, lakini chumvi ya nyumba yao hawajui huwekwa wapi. Bwana Abdulghafur, mpishi wa halua, alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemlaumu, maana halua yake ilikuwa haina mfano mjini, na mkewe, Bi Shifaa, hakuwahi kumwomba ajue la zaidi. Bi Shifaa alifariki mwaka wa hamsini na tano. Siku zake za mwisho alimshika mumewe kidole, akamwambia, "Bwana Mdogo usimwate. Asife na ndaa, asife na kiu."

Bwana Mdogo alikuwa kobe. Aliletwa kutoka Mkokoni akiwa hajai kiganja, na sasa alikuwa na upana wa sinia. Jina hilo Shifaa alimpa ili kumchokoza mumewe. Huyu naye, alisema, hutembea polepole, hupenda kupewa, na akiitwa haitiki. Hawakujaaliwa mtoto, mtu na mkewe, na kiumbe pekee aliyekulia mikononi mwa Shifaa ni huyo.

Basi hitima ilipokwisha na nyumba ikabaki na watu wake, yaani mjane mmoja wa kiume na kobe mmoja, Abdulghafur aliapa kwamba amana ile haitaharibika. Akamtunza kobe kama mtu wa Lamu anavyomtunza mgeni wa heshima. Alimwekea tende. Alimwekea halua ya moto, iliyopakwa samli juu, na mkate wa mofa uliolowekwa katika maziwa. Maji akamtilia katika bakuli kubwa la kaure, lile ambalo Shifaa hakulitoa kabatini ila kwa maulidi. Kama mapenzi yangekuwa chakula, kobe yule angenenepa akashindwa kuingia gambani mwake.

Lakini tende zilimwendesha tumbo. Halua ilimganda kidevuni. Bakuli la kaure lilikuwa refu kuliko shingo yake, akalizunguka mara mbili tatu kisha akaenda zake chini ya ngazi, akajifungia. Macho yalididimia, ngozi ya shingo ikakunjamana. Abdulghafur alikuwa akirudi kutoka dukani anapiga magoti chini ya ngazi. Mke amekwisha kumzika. Na hiki kipande chake kilichobaki, nacho kife mkononi mwake?

Mwanaarabu, mdogo wake marehemu Shifaa, alipokuja kumjulia hali akayaona yale masahani, akashika kiuno.

"Shemegi, huyu mumemwalika maulidi?"

"Nimpe nini tena, Bi Mwanaarabu? Nimempa kilicho bora."

"Bora kwenu nyinyi! Dada hakumpa hata siku moya kitu kitamu. Majani, shemegi. Matembele, mchicha, majani ya kunde, na nyasi za ukutani. Papai kipande kidogo, mara moya moya. Na ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa pwani, agugune, gamba lipate nguvu. Nayua kwa kuwa nalikuwa nikitumwa mimi."

"Na mai?" Abdulghafur akauliza, akilionyesha bakuli lililojaa maji.

"Mai siyui," Mwanaarabu akasema. "Mai hakunituma."

Siku ile ile Abdulghafur alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na fungu la matembele kifuani, na wenzake vibarazani wakimcheka kwamba mpishi wa halua ameingia katika mboga. Aliyaosha, akayakatakata, akayatandaza mbele ya kobe. Kobe hakufungua hata jicho. Majani yakanyauka, akaleta mengine, nayo yakanyauka. Akambeba mpaka kwenye bakuli, akamshika karibu na ukingo, akambembeleza kwa maneno ambayo hata Shifaa mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Kobe alivuta kichwa ndani.

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kama ilivyo ada, birika la msikiti likakaushwa ili lisafishwe na kupakwa chokaa upya. Watu wakaambiwa watawadhe majumbani mwao. Abdulghafur, tangu utu uzima wake, hakuwahi kutawadha kwake. Alikuwa mtu wa safu ya mbele, na udhu wake ulikuwa pale pale msikitini. Alasiri hiyo ikambidi aingie katika pembe ya kiwanda, kama uitwavyo uwa wa ndani ya nyumba, kwenye jiwe ambalo mkewe alikuwa akikaa kutawadha. Akachota maji katika birika dogo la hapo uani, akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Maji yakateremka juu ya jiwe, yakaingia katika kijifereji, yakaenda.

Akasikia mkwaruzo nyuma yake.

Bwana Mdogo alikuwa ametoka chini ya ngazi. Alikuja akiyumba, akisimama, akija tena, mpaka mwisho wa kijifereji. Pale palikuwa na kishimo ambacho Abdulghafur alikuwa amekipita miaka yote bila kukitazama. Kobe akateremka ndani yake, akatumbukiza kichwa mpaka machoni, na koo likaanza kupanda na kushuka. Alikunywa, akakunywa. Abdulghafur akasahau hata udhu wake umefika wapi, akazidi kuchota na kumwaga.

Kobe aliposhiba maji akapanda ukingo, akaenda moja kwa moja kwenye matembele, akayang'ata. Hapo ndipo mzee alipoinama akakitazama kile kishimo. Kilisiribwa kwa chokaa. Upande mmoja ulikuwa umelazwa taratibu, kiasi cha miguu mifupi kuweza kuteremka na kupanda, na juu ya chokaa ile zilikuwa zimekauka alama za vidole vyembamba. Alivijua vidole vile. Sala tano za kila siku, kwa miaka yote, mwanamke yule alikuwa akijitwaharisha na kumnywesha kobe kwa maji yale yale, na tone halikupotea, wala hakumwambia mtu. Abdulghafur akalia pale pale kwenye jiwe, kwa huzuni na kwa fahari ya kuwa na mke kama yule, kisha akatawadha upya.

Birika la msikiti likajazwa. Watu wakarudi kutawadha huko, isipokuwa yeye. Siku moja Muhdhar, jirani yake wa safu ya mbele, alimtazama akiingia na ndevu bado mbichi, akasema, "Mashaallah, Bwana Abdulghafur. Wenye kutoka na udhu majumbani mwao, kila hatua ina thawabu."

"Thawabu ni za Shifaa," Abdulghafur akajibu. "Mimi naliishi naye miaka yote hiyo, na udhu wake sikupata kuuona hata siku moya."