Kiti cha Bonge

Waliniambia nikiwa nimeshavaa. Hilo ndilo mpaka leo likinijia natamani kupiga kitu teke. Ovaroli ya mbio nimeshaifunga zipu mpaka shingoni, glavu ziko mkononi, nywele nimezibana ili helmeti ikae sawa, halafu baba mdogo anakuja akitembea upande upande kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe, anasema, "Mwanangu, leo ataendesha mdogo wako."

Nikadhani masihara, maana baba mdogo ni mtu wa masihara.

"Ataendesha nini?"

"Gari."

"Gari lipi?"

Akaanza kuifuta boneti kwa kitambaa, boneti ambayo nilikuwa nimeifuta mwenyewe asubuhi ile.

Baba mdogo ndiye mwenye gereji. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu, pamoja na mama, na kwa hilo simnyimi haki yake, alitulea vizuri. Gari lenyewe lililetwa pale gereji limepondwa ubavu, gari la michezo la milango miwili, mwenyewe amelikatia tamaa. Tulilinyoosha. Injini tukaifungia turbo, springi tukazishusha, ndani tukachomelea vyuma vya kinga ili likibiringika dereva atoke mzima. Na mwanzo wa msimu, mbele ya mafundi wote, baba mdogo alisimama juu ya tairi akasema, "Atakayelifikisha gari hili mbio za mwisho, ndiye atakayeliendesha huko." Hakuna aliyemshika koo aseme hivyo. Alisema kwa kinywa chake.

Nililifikisha mimi. Msimu mzima ni mimi. Tulikuwa tunaongoza, na mbio za siku ile ndizo zilikuwa za kuamua nani anachukua kombe.

"Ni mdhamini," baba mdogo akasema mwishowe. "Anataka picha."

Mdhamini wetu ni muuza magodoro. Sisi gereji tunamwita Bwana Magodoro, na jina la duka lake tumelibandika milango yote miwili. Kumbe alikuwa anataka bango kubwa la barabarani, dereva amesimama na kombe, na dereva mwenyewe, alivyosema baba mdogo akiangalia chini, awe "wa kuvutia kidogo".

Sasa nikwambie, mimi ni mnene. Nasema mwenyewe kabla hujasema wewe. Gereji nzima wananiita Bonge, na jina hilo nilishalizoea, naitika. Mdogo wangu wanamwita Kijiti, naye anaitika. Lakini mtu anayeuza magodoro kumkataa mnene, hiyo akili ameitoa wapi? Godoro linataka mtu wa kulilalia. Ukimlaza Kijiti juu yake, utadhani mtu kasahau fimbo kitandani.

Sikucheka siku ile. Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanawaka.

"Na wewe ukakubali," nikamwambia.

"Mwanangu, mbio hazina maneno mengi. Kombe ni la gereji, si la mtu. Na tukisema ukweli, Kijiti ni mwepesi. Gari litaruka leo."

Hapo ndipo hasira yangu ilisimama kidogo, kwa sababu nilisikia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisikia.

Sheria ya mbio zetu iko hivi: gari na dereva wake hupimwa kwa pamoja, dereva akiwa ndani na helmeti yake, na kwa pamoja wasipungue tani moja. Wapinzani wetu wana madereva wembamba, kwa hiyo wao hufunga vipande vya chuma sakafuni ili wafikishe uzito. Sisi tulikwenda kinyume. Kwa kuwa dereva ni mimi, tulikuwa tumezidi, tukawa tunapunguza. Tuling'oa viti vya nyuma, mazulia, vioo vya pembeni tukaweka plastiki, mpaka honi tuliitoa. Na kila kilichotoka, baba mdogo alikitoa kwa jina langu. "Hiki kiti kimekwenda kwa ajili ya mapaja yako. Hili zulia ni ule wali wako wa jana." Mafundi wanacheka, na mimi nacheka nao, ndivyo tulivyofanya kazi. Tukapunguza mpaka nikiwa ndani, mshale wa mizani ukakaa pale pale kwenye tani moja. Juu yake kidogo tu, kama chumvi ya kuonja.

Umeelewa? Uzito wangu ulikuwa sehemu ya gari, sawasawa na injini. Ukinitoa mimi, lazima uweke chuma. Lakini mtu aliyetumia mwaka mzima kukuona wewe ni mzigo, siku akikutua kichwani hakumbuki kuuliza mzigo ule ulikuwa unashikilia nini. Anafurahi tu shingo imepona.

"Baba mdogo," nikasema, na nilisema kwa adabu, Mungu shahidi. "Gari hili tulilipima nikiwa ndani. Akiingia Kijiti peke yake litapungua. Lazima mfunge chuma."

Akanikatiza kwa mkono. "Umeanza."

"Sijaanza chochote, nakwambia habari ya mizani."

"Nakwambia habari ya heshima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka yote nimekulea, leo nakuomba kitu kimoja unaniletea wivu wa mdogo wako. Nenda kwenye redio, umwongoze kaka yako huko ndani."

Si kaka yangu. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Lakini akishapanda gari amekuwa kaka.

Nikaenda kumfunga mikanda, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuifunga vizuri. Kijiti alikuwa ameshaingia, na unaona kabisa kiti kinamkataa. Kiti kile si cha dukani. Tulikitengeneza kwa mwili wangu: lilimwagwa povu ndani ya mfuko, nikalikalia likiwa bado laini, nikatulia mpaka likaganda na umbo la mgongo wangu na makalio yangu. Chini yake baba mdogo alichomelea fremu ya chuma kinene, kwa sababu ile nyembamba, alisema, ingelia. Kijiti alikuwa amezama humo kama kijiko ndani ya sufuria. Nyuma yake wamemjazia mto. Mto mpya, na nembo ya Bwana Magodoro.

"Dada, si mimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Baba mdogo ndiye aliyeamua."

"Na wewe ulikosa ulimi?"

Nikavuta mkanda mpaka akaguna.

"Nisikilize. Gari ni jepesi mno kwa sheria. Mwambie baba mdogo afunge chuma. Mimi hanisikii, wewe leo ni mfalme, atakusikia."

Akaniangalia, na nikaona amefikiria, si kwamba hakufikiria. Akaangalia nje, pale Bwana Magodoro alipokuwa anamwelekeza mpiga picha asimame wapi. Halafu akasema taratibu, "Dada, basi. Usinitie nuksi siku yangu."

Siku yake. Nilishusha kioo cha helmeti yake kwa kofi. Ndiyo, kwa kofi, na ningeweza ningerudia.

Mbio zikaanza jua likiwa utosini. Mimi nimesimama ukutani na redio, hasira ninayo, sauti yangu lakini naishikilia. Mtu asije akasema nilimharibia. Kila kona nilimwambia. Hapa shika gia ya tatu, usishuke. Hapa usiguse breki mpaka uone bango jeupe. Yule wa gari jekundu atakuja kulia, mwache aje, atateleza mwenyewe. Na yule wa gari jekundu akaja kulia, akateleza mwenyewe. Gari letu lilikuwa linatoka kwenye kona kama limesukumwa na watu kumi. Lingeachaje, limebeba nusu ya dereva wake?

Kijiti akamaliza wa kwanza.

Sitadanganya kwamba sikufurahi. Lilikuwa gari langu. Lilipovuka mstari moyo wangu uliruka, halafu hapo hapo ukakumbuka na ukakaa chini. Baba mdogo alikuwa anacheza na mafundi, fulana imempanda tumboni. Alikuja mpaka nilipo, akanishika bega, na maneno aliyoyasema nayakumbuka kama yalivyo.

"Umeona mwenyewe? Tatizo lilikuwa kilo tu."

Kilo tu. Msimu mzima wa kushinda, kwake ulikuwa tatizo la kilo.

Kijiti alikuwa ameshatolewa garini na kubebwa juu juu, Bwana Magodoro pembeni yake ananyoosha tai, mpiga picha anawaambia watabasamu, ndipo mkaguzi alipofika. Mama mmoja mtaratibu, hapandishi sauti. Akasema, kama anavyosema kila mbio zikiisha, "Watatu wa kwanza, kwenye mizani tafadhali. Dereva arudi ndani, na helmeti yake."

Nilimwangalia baba mdogo. Nilitaka kuona ni saa ngapi itamfika. Mwanzo alikuwa bado anatabasamu. Walisukuma gari mpaka juu ya mizani, Kijiti ndani, na mto wake. Mkaguzi akasoma. Akasogea, akasoma tena. Akaomba gari litolewe na kurudishwa.

"Mmepungua," akasema. "Mmepungua karibu mfuko mzima wa saruji."

Hapo ikamfika. Tabasamu lilimtoka baba mdogo kidogo kidogo, na midomo ikabaki wazi. Akaangalia sakafu ya gari, pale ambapo wenzetu hufunga chuma na sisi palikuwa patupu. Halafu, wallahi, akachukua chupa kubwa ya maji akampelekea Kijiti dirishani. "Kunywa. Kunywa yote."

"Mzee," mkaguzi akasema, "mbio zikishaisha hakiingii kitu garini. Hata maji."

Kijiti alikuwa ameshapiga funda moja. Akalishikilia mdomoni, mashavu yamemvimba, hajui ateme au ameze.

Tukafutwa. Kombe wakapewa wa gari jekundu, yule aliyeteleza. Bwana Magodoro akamwambia mpiga picha afunge mashine yake, akaondoka bila kuaga, na nilimwona anauliza mtu habari za dereva wa gari jekundu, mwembamba mwembamba hivi.

Baba mdogo akanigeukia mimi. Mbele ya mafundi wote akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayejua habari za uzito humu. Kwa nini hukusema?"

Nimeshawahi kukasirika maishani. Nina domo, watu wote wanajua. Lakini pale hasira ilikuwa kubwa kuliko domo, sauti ikatoka ndogo.

"Nilisema."

"Ulisema lini?"

"Ulipokuwa unanifundisha heshima."

Hakuna fundi aliyecheka. Mmoja akaanza kuokota spana ambazo hazikuwa zimeanguka. Baba mdogo akafuta uso kwa kile kitambaa cha boneti, ukambakia mstari wa grisi kwenye paji, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Basi," akasema, sauti imeshuka. "Yameisha. Msimu ujao utaendesha wewe. Naahidi, mbele ya hawa wote."

Mbele ya hawa wote. Na tairi lilikuwepo pale, angetaka angelipanda tena.

Nilikwenda kwenye sanduku la vifaa nikachukua spana. Nikafungua mlango wa gari, nikautoa ule mto nikauweka juu ya boneti, nikaingia kwa magoti nikaanza kufungua boliti za kiti. Ziko nne, na mbili za nyuma zina kutu, zinakataa. Nilizifungua huku machozi yananitoka, na sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Unafanya nini?" baba mdogo akauliza.

"Nachukua kiti changu."

"Kiti ni cha gari."

"Basi kaa wewe, kikikutosha nitakiacha."

Hakukaa. Angekaaje? Mgongo wangu wote uko mle ndani.

Kukitoa ni kazi ya watu wawili, kwa sababu ya ile fremu nene. Nilikivuta peke yangu mpaka mlangoni kikakwama. Nikavuta tena, nikajiumiza kidole, nikatukana tusi ambalo mama akilisikia atanipa pilipili. Nikasikia kimeinuka upande wa pili. Ni Kijiti. Ameshavua helmeti, macho mekundu, ovaroli imemlowa kifuani kwa yale maji aliyoyatema.

"Dada," akasema. "Nilikusikia. Ulivyosema asubuhi, nilikusikia vizuri kabisa."

"Najua."

"Nisamehe."

Nikainua upande wangu. Baba mdogo alikuwa ananiita jina langu, lile la kuzaliwa nalo, ambalo gereji nzima walishalisahau, na sikugeuka. Tukatembea na kiti tukapita mizani, tukapita magari mengine, watu wanatuangalia, Kijiti upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka getini. Pale akataka kukitua apumzike, nikamwambia abebe, twende. Nilimwacha akibebe mpaka nyumbani. Si kwamba nilikuwa nimemsamehe. Kiti kilikuwa kizito tu.