Diski za Nyuma

Mwezi wa tatu ulipofika katikati, Yassin alilisimamisha gari la dada yake mbele ya gereji ya Fundi Tamimu pale Kibiti, akashuka na kusema, "Fundi, leo nimesimamishwa na mkorosho."

Tamimu alilizunguka gari. Bampa lilikuwa limebonyea na vipande vya gome vilikuwa vimenasa kwenye taa. Hadtopu hiyo, gari la porini la bati gumu, aliijua tangu enzi za Mustapha, mume wa Hajira, aliyeinunua ipite njia za tope za kwenda vijiji vya delta. Mustapha alifariki kwa maradhi miaka mitatu nyuma. Hajira akabaki na gari na kazi yake: abiria, magunia ya mpunga, wagonjwa. Dereva alikuwa mdogo wake, huyu Yassin, mwenye mke na watoto wawili.

Shida ilikuwa breki za nyuma. Zilikuwa za ngoma, viatu vyake vimefungiwa ndani ya bakuli la chuma. Kila gari lilipovuka dimbwi, tope liliingia humo likakaa, na viatu vikasagika. Tamimu alikuwa amevibadilisha mara nne ndani ya mwaka mmoja.

Mchana Hajira akaja mwenyewe, kanga begani, hata kukaa hakutaka.

"Tamimu, ndani ya gari hili leo mlikuwa na mama mjamzito. Mie habari ya ngoma sitaki kuisikia tena. Kama kuna dawa nyingine, itie."

"Ipo, dada. Tutoe ngoma, tufunge diski. Diski iko wazi, tope likiingia linatoka."

"Basi fanya."

Tamimu alikuwa ameiota kazi hiyo kwa miaka. Kule Ikwiriri, nyuma ya ghala moja la ufuta, palikuwa na hadtopu iliyopinduka, imelala ubavu na majani yameota ndani yake. Mbele ilikuwa nzima. Akafungua diski zake za mbele na kalipa zake, vile vibanio vya kuzikamata, akazibeba kwenye kiroba kama mtu aliyebeba mayai. Habu za gari la Hajira, vile vitovu vya magurudumu, akazipeleka Mbagala kukerezwa ili diski zikae. Vishikio vya kalipa akavikata kwenye bamba la mashine ya kukobolea iliyokufa, akavipima, akavitupa, akakata vingine, kisha akavichomelea kwenye ekseli.

Zikapita siku kumi na moja. Yassin hakuondoka pale. Alishika taa, alileta chai, na siku ya kutoa upepo kwenye breki alikaa kwenye usukani, Tamimu yuko chini ya gari.

"Kanyaga! Shikilia! Haya, achia!"

Walipomaliza walikwenda kulijaribu kwenye barabara ya vumbi. Yassin alikanyaga pedali mara moja, gari likasimama papo hapo, na wote wawili wakacheka kama watoto. Ndipo Yassin akavuta mkono wa hendibreki, ile ya kulishikilia gari likiegeshwa. Ulikuja mwepesi, hauna kitu.

"Na hii?"

Tamimu alijifuta mikono kwanza.

"Hendibreki ilikuwa inavuta vile viatu vya ndani ya ngoma. Ngoma tumezitoa, nayo imekwenda. Nitakufungia nyingine kwenye shafti, nyuma ya gia boksi. Kuna kifaa nakisubiri kutoka Dar. Nipe wiki mbili."

"Dada anajua?"

"Nitamwambia ikishakuwa tayari. Nikimwambia leo ataniamuru nirudishe ngoma."

Yassin alicheka. "Hapo umesema kweli. Namjua." Wakaliacha jambo likawa lao wawili.

Wiki mbili hazikufika. Mvua za mwezi wa nne zilikuja na mto ukatoka kwenye kingo zake. Mashamba ya mpunga yakazama, vijiji vikabaki visiwa, na watu wakawa wanatolewa kwa mitumbwi hadi nchi kavu, kisha wanatafutiwa gari. Magari mengi hayakuweza kufika. La Hajira liliweza.

Alikuja gerejini asubuhi, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

"Limekwisha?"

Yassin alimtazama Tamimu. Tamimu alitazama gari. Kile kifaa kilikuwa hakijafika.

"Breki ziko tayari," alisema.

"Alhamdulillahi. Kuna wazee wamekaa juu ya dari tangu jana." Akapanda mbele.

Yassin alipokuwa anazunguka kwenda upande wa usukani, Tamimu alimshika mkono, akampa gogo la mkoko alilolichonga kama kabari. "Usishuke kabla hujaliweka hili kwenye tairi. Hata kwa dakika moja. Na gari uliache ndani ya gia."

"Nimekuelewa, kaka."

Siku nne walifanya kazi hiyo. Kila jioni Yassin alipiga simu. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuchoka, lakini bado alikuwa anasifu: "Fundi, tumetoka kwenye maji ya kiuno, nimekanyaga, limesimama kama limepigiwa msumari. Nimewaambia madereva wote huku, wakutafute wewe."

Siku ya tano betri ikalegea. Yassin aliogopa kuzima injini, maana kwenye tope lile lisingewaka tena kwa kusukumwa. Adhuhuri alilirudisha gari nyuma hadi kwenye ukingo wa maji, akaliacha linanguruma, gia imetolewa, akaweka gogo nyuma ya tairi, akateremka kumpokea bibi kizee aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Ukingo ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi, umelowa. Gogo halikuteleza. Lilizama. Tairi ikalipanda kama inapanda mkate.

Mwenye mtumbwi alipiga kelele. Yassin, mgongo kwa gari, alikuwa na bibi mikononi. Alichowahi kufanya ni kumsukuma bibi pembeni, ndani ya maji. Yeye mwenyewe gari lilimbana kwenye kisiki cha nguzo ya gati la zamani, na halikumwachia mpaka watu kumi na wawili walipolisukuma kwa mabega. Bibi alipona. Yassin alifariki kabla hawajafika barabara kuu.

Alizikwa Kibiti siku ya pili, mvua inanyesha, kaburi linachotwa maji kwa ndoo. Tamimu alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea. Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, na askari waliokuja kuuliza waliandika ajali, wakaondoka.

Baada ya hitima, Tamimu alikwenda kwa Hajira. Alimkuta ukumbini, anafunga nguo za marehemu kwenye shuka.

"Dada, nina neno."

"Sema."

Akamweleza yote: ngoma, viatu, hendibreki, kifaa kilichochelewa. Hajira alisikiliza bila kuacha kufunga.

"Yassin alijua?"

"Alijua. Nilimwambia."

"Na mie?"

"Wewe sikukuambia, dada."

"Mie ndiye mwenye gari," Hajira alisema. Hakupandisha sauti. "Mie ndiye niliyemwambia twende. Ungeniambia, ningemweka mtu wa kukanyaga breki kwa mguu wake. Ningekaa mwenyewe, Tamimu. Nilikuwa nimekaa kivulini, nagawa mikate." Akavuta fundo, akalikaza. "Nenda zako."

Gari halikurudi gerejini. Hajira aliliuza kwa mtu wa mbali, na Tamimu hakuambiwa ni nani. Akabaki na kazi za pikipiki na pampu za maji. Mkewe, Rukaya, alimwona anakaa na spana mkononi bila kufungua chochote, akaacha kumuuliza.

Mwezi wa saba akaja dereva mmoja kutoka Umwe, anaitwa Abdalah, na hadtopu ya rangi ya udongo.

"Fundi, nataka diski za nyuma. Marehemu alituambia hakuna breki kama zile."

"Sifungi tena."

"Kwa nini?"

Tamimu alimweleza kwa nini. Abdalah alitikisa kichwa, akampa pole, akaondoka. Wiki tatu baadaye gari lake lilipita barabarani, na Tamimu aliona diski zinang'aa nyuma ya rimu. Alipanda basi siku hiyohiyo kwenda Ikwiriri, akauliza mpaka akampata mchomeleaji aliyezifunga, mtu mmoja anaitwa Ridhiwani.

"Hendibreki umemfungia?"

"Hakuitaka. Anasema haitumii." Ridhiwani aliinua miwani ya kuchomelea. "Hili ni la nne. Wanakuja wenyewe."

"Waambie hapana. Mtu amekufa."

"Kwa kazi yako wewe," Ridhiwani alisema, "si yangu." Akashusha miwani, akawasha moto.

Tamimu aliutazama ule mwanga mpaka macho yakamuuma. Kisha akavuka barabara kungoja basi la kurudi.