Njia ya Kwenda Ukaguzini

Hillevi hakuwa mtu wa kutulia kitini, na mwezi ule wa Mei hata kitanda kilimshinda. Kahawa aliinywa wima. Mkate aliutafuna huku akivuka ua kwenda ghalani, na kabla hajaumaliza mikono ilikuwa imeshaingia kwenye grisi.

Kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe. Yule mama mwenye nyumba ya wageni milimani, karibu na mpaka wa Norwe, alimpigia simu akamuuliza: je, una usafiri wako? Maana basi linaishia chini, na huku juu hakuna atakayeshuka kukuchukua. "Ninao," Hillevi akajibu, kabla hajafikiri. Kazi ya jikoni, kuanzia Jumatatu, mpaka majira ya wageni yaishe. Na usafiri wenyewe ulikuwa ghalani, umepandishwa juu ya magogo, umefunikwa turubai, panya wamezalia kwenye kiti cha nyuma.

Lilikuwa gari aina ya Saab, la kijani, kuukuu kuliko Hillevi mwenyewe. Mwenye gari alikuwa Evald, kaka wa mama yake, ambaye aliacha kuendesha macho yalipoanza kumdanganya. Tangu mama afariki Hillevi aliishi na mjomba huyo. Mchana yeye yuko dukani kijijini, anapanga maziwa. Mjomba yuko dirishani, anamsubiri arudi amsimulie nani kanunua nini na nani kagombana na nani. Maisha yalikuwa hayo, na Hillevi aliyahisi kama koti lililombana kwapani.

"Likipita ukaguzi, ni lako," mjomba alimwambia. "Lisipopita, linarudi kulala, na wewe unarudi kwenye maziwa yako."

"Litapita."

"Aa! Limekuambia?"

Hillevi akaanza. Alitoa viota vya panya kwa beseni. Alifungua kabureta, akaiosha, akaifunga, akaifungua tena. Breki zilikuwa zimeshikana kama zimechomelewa, akazigonga, akazilainisha, akabadilisha mipira yote. Mjomba alikaa juu ya kreti na chupa yake ya kahawa, akielekeza. Alielekeza vizuri, hilo Hillevi hakulikataa. Lakini aliona mengine pia. Spana iliyokuwa juu ya meza asubuhi, jioni ikakutwa chini ya kreti ya mjomba. Matairi mapya yalipofika, mjomba aliyazunguka akitikisa kichwa.

"Haya si ya gari hili."

"Ni yenyewe, mjomba. Soma namba."

"Namba sizioni. Nasema tu, mwakani ungepata mazuri zaidi."

Hillevi alichukua jeki.

Siku injini ilipowaka, ghala lilijaa moshi wa bluu na mlio ule wa kupasuka-pasuka, ta-ta-ta, kama mtu anakata miti chumbani. Injini ya gari lile haina oili yake pembeni kama magari ya siku hizi; oili yake unaichanganya kwenye petroli yenyewe. Evald alichanganya kwenye dumu kwa mkono wake, akipima kwa kikombe, akinusa. Hakumwachia mtu. Hillevi kazi yake ilikuwa kumimina tu. Alimtazama mjomba siku ile, akaona machozi, akajiambia ni moshi.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa mchana, mjini Ljusdal. Gari lililoondolewa barabarani haliruhusiwi kwenda kokote isipokuwa ukaguzini, kwa njia iliyonyooka, na ukichelewa nafasi yako anapewa mwingine. Nafasi iliyofuata ilikuwa katikati ya Juni. Wakati huo jikoni kule milimani pangekuwa na mtu mwingine.

"Nakuja," mjomba alisema, na tayari alikuwa amevaa kofia.

"Kufanya nini?"

"Kukuona ukiaibika."

Waliondoka. Hillevi aliendesha huku ameinamia usukani, goti moja likichezacheza. Kila mlio mpya ulimshtua. Walipopita kanisa akaona mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Dumu lilikuwa limevuja usiku, na asubuhi alimimina tangini kidogo kuliko alivyodhani. Akaingia kituo cha petroli, kile kisicho na mhudumu, akaruka nje, akajaza, akatazama saa, akafunga kifuniko, akaruka ndani. Mikono ilifanya kama inavyofanya kwenye gari lolote. Mjomba alikuwa kimya kitini, ameshika kofia magotini, anaangalia mbele.

Ukimya ule ulimsumbua Hillevi. Mjomba hakuwa mtu wa kunyamaza garini.

"Umechoka?"

"Hapana."

"Breki ziko sawa, si ndiyo? Unazisikia?"

"Ziko sawa."

Msonobari baada ya msonobari. Ziwa likatokea upande wa kushoto, likapotea. Moshi nyuma yao ulipungua, na Hillevi akafurahi, akadhani injini imezoea. Walianza kupanda kilima kirefu, akakanyaga, mlio ukabadilika, ukawa mkavu, mwembamba.

"Zima!" Evald alipiga kelele. "Kanyaga klachi, zima, zima sasa hivi!"

Alizima. Gari likajivuta pembeni, likasimama. Mjomba alikuwa amekamata mlango kwa mikono yote miwili.

Hillevi aliangalia usukani. Kisha aliangalia kule nyuma, kwenye tangi.

"Oili," alisema. "Sikutia oili."

"Hukutia."

"Nimeweka petroli peke yake. Lingenoki, injini ingekwama kabisa."

"Bado dakika chache lingenoki, na hapo hata mimi nisingelifufua."

Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Aligeuka taratibu akamtazama, kofia ile magotini, vidole vile vinavyoikunja.

"Uliniona, mjomba."

"Nilikuona."

"Tangu kituoni?"

"Tangu ulipofungua kifuniko."

"Na ukanyamaza!"

"Nikanyamaza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifikiri, liache. Litazima lenyewe, tutavutwa na trekta, tutarudi nyumbani, tutakula viazi. Halafu likaanza kulia vile, sikuweza."

"Ulinionea huruma mimi au injini?"

"Usiniulize. Saa inakwenda. Nyumba ya Ingegerd ni ile pale, ana msumeno wa mashine, nao hunywa petroli yenye oili. Kimbia!"

Hillevi alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwacha pale pale na kofia yake. Badala yake miguu ilishakimbia, kwa viatu vya ghalani, kuvuka mtaro na kukatiza shamba lenye tope.

Ingegerd alikuwa uani nyuma ya nyumba anapasua kuni za msimu ujao, mwanamke mzito wa miaka sabini, msumeno umelala juu ya gogo bado una joto.

"Oili ya msumeno?" aliuliza. "Unaenda kukata nini na uso huo?"

"Mjomba."

"Evald? Ngoja nikupe na msumeno wenyewe." Akacheka mpaka akajishika kiuno, lakini mkono mwingine ulishafungua banda na kutoa chupa ya oili, nyekundu, karibu imejaa. "Ichukue yote. Na umwambie bado ana sufuria yangu!"

Hillevi alirudi akihema. Mjomba alikuwa ameshashuka, amefungua kifuniko cha tangi, anasubiri. Alichukua chupa, akamimina kwa kunusa na kusikiliza, kwa kuwa vipimo hakuviona. Kisha wakalishika gari, mmoja kila upande, wakalitikisa, lisukume, livute, mafuta yachanganyike tumboni. Dereva wa lori alipita akapiga honi, akapunga mkono. Wao waliendelea kutikisa.

Lilipowaka moshi ulitoka mnene, wa bluu, na Hillevi hakuwahi kufurahia moshi namna ile.

Kwenye ukaguzi walikuta lango linafungwa. Mkaguzi, mwanamke mrefu aitwaye Annbritt, alitazama saa, akatazama gari, akatazama tope mpaka magotini mwa Hillevi.

"Mmechelewa."

"Najua. Tafadhali."

"Baba yangu alikuwa nalo kama hili," Annbritt alisema, si kwa upole sana. "Liingize. Na ufungue madirisha, tusife."

Hillevi hakuweza kuketi sehemu ya kusubiri. Alitembea toka mashine ya kahawa mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka mashine ya kahawa. Kupitia kioo aliona taa ikimulika chini ya gari, nyundo ikigonga huku na kule, magurudumu yakizungushwa na breki zikipimwa. Mjomba aliketi peke yake kwenye benchi.

Annbritt alitoka akijifuta mikono. "Raba ya waipa imechanika. Badilisha. Mengine yamepita."

Nje Hillevi alilisajili gari kwa simu, likawa la barabarani tena, kwa jina lake. Vidole vilikosea mara kadhaa. Mjomba alisimama kando.

"Haya," Hillevi alisema. "Tupande. Twende nyumbani."

"Hapana. Nitapanda basi."

"Mjomba, usianze kununa."

"Sinuni. Sikiliza, mwanangu." Alivaa kofia, akaivua tena. "Ukirudi nyumbani leo, kesho nitaona kasoro. Jumapili nitaona nyingine. Najijua. Nitaumwa hata mgongo. Nenda sasa hivi."

"Sasa hivi? Na viatu hivi? Nguo zangu?"

"Nitakutumia kwa basi. Kule jikoni watakupa aproni, nani atakuangalia miguu?"

"Na wewe utakula nini?"

"Viazi," mjomba alisema. "Na nitamrudishia Ingegerd sufuria yake, pengine ataniuliza nimeshindaje." Alimpa ile chupa nyekundu. Akamgusa bega kidogo, kama watu wa kwao wanavyogusana, yaani karibu asimguse, akageuka kwenda kituo cha basi.

Hillevi alimwita kwa jina. Mzee hakugeuka.

Aliketi garini, injini ikilia, mkono juu ya gia. Hasira bado ilikuwepo. Haikuwa imekwenda popote. Chini yake palikuwa na kitu kingine kilichomfanya atake kumfuata mzee yule na kumpeleka nyumbani kwa nguvu. Kushoto ilikuwa njia ya kijijini, kulia ya milimani. Gari lilikuja nyuma yake likapiga honi fupi, maana alikuwa amelizibia lango.

"Naenda, naenda," alisema kwa sauti, peke yake, akakata kulia.