Ovari Iliyokata Kuliko Ilivyoshona

Katika duka lao la ushonaji, Bibi anakata na mjukuu wake anashona. Ndivyo walivyogawana kazi. Ila Bibi ana mkono mwepesi; vipande vilishalundikana mpaka dirishani, binti wa watu hamfikii.

Mjukuu alipoota ndevu na kukosa hedhi miezi sita, Bibi hakucheka. Binti alikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, akitamani mtoto tu. Wakaenda hospitali.

Daktari alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kipimo. Kwenye skrini ovari ya kulia ilikuwa imetulia zake. Ya kushoto ikakohoa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi akajibu, maana adabu ni adabu. "Wewe ndiye unayemwotesha mke mwenzangu ndevu?"

"Usinionee. Huko kichwani kuna bosi ananihimiza kutwa: tengeneza, tengeneza! Chumba changu cha nje kinatoa homoni za kiume, cha ndani kinatakiwa kuzigeuza ziwe za kike. Sasa cha nje kina mbio, cha ndani kimeelemewa. Mzigo unamwagikia kwenye damu, unapanda kidevuni. Na mayai yamekwama foleni."

"Mbona mwenzio wa kulia hana fujo?"

"Huyo anakata anachoweza kushona."

Lile lundo la dirishani lilimjia Bibi machoni.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Nikiweka mkasi chini mpaka huyu amalize vilivyokwisha katwa, na wewe utapunguza?"

"Nitajitahidi. Na vidonge vya daktari vinisaidie."

Daktari hakushtuka. Aliandika tu kwenye cheti: *Inajieleza vizuri*, akawapa vidonge.

Wiki saba Bibi alikalia mikono yake. Wateja walidhani anaumwa. Vidole vilimwasha, akawa anakata hewa chini ya meza.

Siku moja mjukuu akaruka kutoka kwenye cherehani, akakimbilia msalani, akarudi analia na kucheka.

"Bibi! Imekuja!"

"Haya, asante Mungu!"

"Na hizi ndevu tatu?"

"Hizo zilishakatwa zamani, mke mwenzangu. Ziache ziishe."

Lundo lilikuwa limebaki vipande viwili. Kwa furaha, Bibi akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

Tumboni mwa binti kitu kikakohoa.

Bibi akaurudisha mkono mapajani.