Zamu ya Henia

Chai ilikuwa haijapoa Ligaya, mhudumu wa zamu, alipoingia, glovu bado mkononi.

"Bibi Henia, pole. Pesia wa chumba cha pili ametutoka."

Henia akaweka kikombe chini. Pesia Lerner, shoga yake, aliyeosha naye maiti za wanawake wa Kiyahudi wa Winnipeg tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Akainuka nusu. Kengele iliyofungwa kwenye mto wa kiti chake cha magurudumu ikalia.

"Kaa, bibi! Utaanguka, halafu lawama kwangu."

Akakaa. Kengele ikanyamaza.

"Nani yuko naye?"

"Hakuna. Bwana Penner kasema ateremshwe chini."

Chini ni kichumba cha baridi kando ya dobi. Henia akampigia simu Tzipa, anayewaongoza waosha maiti siku hizi.

"Theluji imefunga barabara, bibi. Tutajitahidi tumzike kabla Sabato haijaingia."

"Basi mpaka mfike nitakaa naye mimi."

"Wewe si tulishakupumzisha? Umefanya ya kutosha."

Walimpumzisha mwaka jana, alipoteleza na ndoo ya maji. Wakamwandalia keki, wakampa blanketi. Alishukuru. Blanketi hilo ndilo lililokuwa magotini pake sasa.

Akamkuta Penner, meneja wa nyumba ile ya wazee, kwenye korido.

"Chini haruhusiwi mkaazi, mama. Mambo ya bima."

"Basi aachwe chumbani kwake mpaka wenzangu waje."

"Chumba kinaingia mtu mwingine mchana huu."

"Kitanda hakijapoa, bwana!"

"Watu wanangoja nafasi mwaka mzima."

"Kwetu maiti haachwi peke yake."

"Tutafunga kwa ufunguo. Hakuna atakayemgusa."

"Nani kasema wezi? Nasema upweke."

Penner akainama kama anayesema na mtoto. "Pumzika, mama. Umri huu ni wa kupumzika."

"Walawi wetu wa kale walipofika miaka hamsini walistaafu kubeba vitu vya hema takatifu. Kulinda hawakustaafu. Kuosha nimeacha, sawa. Kukaa tu kando yake kunataka nguvu gani?"

Penner akatazama saa yake, akaenda zake.

Ligaya akapita akisukuma kitanda, shuka imefunika mpaka usoni. Hakumtazama Henia. Henia akazungusha magurudumu nyuma yake, lakini mlango wa lifti ukajifunga mbele ya magoti yake. Ili ufunguke lazima ubonyeze namba, na namba hizo wakaazi hawapewi.

Akakaza breki. Akashika chuma cha ukutani, akasimama. Blanketi likaanguka. Kengele ikalia korido nzima, wazee wakachungulia milangoni.

"Mama, kaa!" Penner alikuwa anarudi mbio. "Kaa chini!"

"Nimekaa mwaka mzima."

Akasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango. Hewa ya baridi ilipanda kutoka chini, yenye harufu ya sabuni ya kufulia.

"Pesia binti Mordka," akaita, "niko huku juu."

Akaanza kumsomea zaburi bila kitabu, kwa sauti kubwa kuishinda kengele. Mkono wa Penner ukamshika begani. Hakugeuka. Akakishika kile chuma kwa mikono miwili; zaburi ya kwanza ilikuwa haijafika katikati.