Alama Tisa kwa Tarumbeta

Fundi miwani alikuwa na duka dogo la kona, lenye mashine ya kusagia vioo na ukuta mzima wa fremu. Duka lilimpa riziki, naye alilishukuru kwa hilo, basi. Moyo wake ulikuwa nyumbani, katika chumba kidogo nyuma ya sebule, alikokuwa amepanga santuri zake kuanzia sakafuni hadi darini.

Hakuzipanga kwa majina wala kwa miaka. Alizipanga kwa alama. Rafu ya juu ilikuwa ya albamu zilizopata tisa, nazo zilikuwa za kuhesabika. Chini yake nane, kisha saba, hivyo hivyo mpaka chini kabisa kwenye mbili na tatu. Hizo za chini mkewe alimwuliza mara nyingi kwa nini asizitupe zikapungua, naye humjibu, "Mke wangu, hata mtoto mtukutu analala ndani." Kumi hakuwahi kuitoa. Alisema siku atakayotoa kumi atakuwa amemaliza kusikiliza, na yeye hakuwa na haraka ya kumaliza.

Kazi hii hakuifanya peke yake. Kinyozi, rafiki yake wa tangu ujana, alifunga saluni yake mapema kila Jumapili na kuja na albamu moja kwapani. Walikuwa na sheria zao. Albamu inasikilizwa yote, upande wa kwanza na wa pili, bila mtu kufungua mdomo. Ikiisha, kila mmoja anachukua kalamu na kuandika alama kwenye kiganja chake, kwa kujificha, kama watoto wanaoibiana majibu. Kisha wanafungua viganja kwa pamoja. Hapo ndipo mambo yanapoanza.

"Nne? Nne, bwana? Huyo mpiga gitaa amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Amelikosea gitaa."

"Wewe masikio yako ni ya kuning'inizia miwani tu!"

"Na wewe umezoea kelele za mashine ya kunyolea, utajua nini?"

Mke wa fundi akiwa sebuleni anapiga pasi husikia zogo lile na kucheka peke yake. Na mara nyingi, wale wawili wakiwa bado wanagombana, yeye huwa ameshaushika wimbo na kuuimba kwa sauti ya puani, polepole, akifuata mkunjo wa nguo. Fundi aliwahi kumwambia Kinyozi kwamba wimbo ambao mkewe hauimbi wakati wa kupiga pasi haustahili kuvuka sita, hata ungepigwa na malaika.

Basi asubuhi moja fundi aliamka mkono wa kulia umekufa ganzi. Alipojaribu kumwita mkewe, ulimi ulikuwa mzito. Akakimbizwa hospitali, na kabla ya adhuhuri mkono ulikuwa umerudi, na ulimi pia. Daktari alisema mshipa mdogo wa damu ulikuwa umeziba kichwani. Akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi, akamwambia tena kwamba ana bahati kubwa, wengi hawainuki. Mkewe alilia kwa furaha kwenye korido mpaka wagonjwa wengine wakampa pole.

Fundi alirudi nyumbani, akala, akalala kidogo, kisha akaingia chumbani kwake kujiliwaza. Akatoa albamu moja ya rafu ya juu. Akaifuta vumbi, akaiweka kwenye mtambo, akashusha sindano, akaegemea kiti.

Kilichotoka kwenye spika kilimfanya aruke. Zilikuwa kelele, kama mtu amemwaga vijiko na mifuniko ya sufuria kwenye ngazi, na inaendelea kuporomoka bila kufika chini. Akanyanyua sindano haraka. Akaipuliza. Akairudisha. Vijiko vilevile. Akasema sindano imekufa, akabadilisha nyingine mpya. Akafungua spika, akakaza nyaya. Akajaribu albamu ya pili, ya tatu. Alimsikia mwimbaji akitamka maneno, kila neno akalielewa, lakini sauti haikupanda wala kushuka kuelekea popote. Ilikwaruza tu.

Wakati huo mkewe alikuwa sebuleni anakunja nguo, ana raha ya kurudishiwa mume, akaanza kuimba ile ya puani. Fundi akaisikia. Ilikuwa kama bawaba yenye kutu, inafunguliwa na kufungwa, inafunguliwa na kufungwa. Sindano haikuwa na kosa. Spika haikuwa na kosa.

"Nyamaza!" akapiga kelele.

Mkewe akaja mlangoni na shuka mkononi. Katika ndoa yao yote, huyu mwanamume hakuwahi kumwambia neno hilo.

"Umeniambia mimi?"

"Kichwa kinaniuma," fundi akasema, akiangalia ukuta. "Naomba kimya tu."

"Sawa," akasema mkewe. Akaondoka. Hakuimba tena siku hiyo, wala kesho yake, wala Jumapili iliyofuata.

Fundi alirudi kwa daktari kwa siri. Daktari alimpima masikio, akakuta mazima kama ya kijana. Akamweleza kwamba ile sehemu ya ubongo inayounganisha sauti zikawa muziki ndiyo iliyokosa damu.

"Maneno unayasikia vizuri?"

"Nayasikia."

"Basi mshukuru Mungu, mzee wangu. Ingekuwa maneno, ungeshindwa hata kuongea na mkeo."

"Itarudi?"

Daktari alishika kalamu akaizungusha vidoleni. "Wengine hurudiwa. Wengine hapana. Nisikudanganye."

Fundi alitoka pale akiwa amekula kiapo cha kutomwambia mtu. Mtu akikatika mguu, watu wanaona, wanampisha njia. Lakini atawaambiaje watu kwamba yeye mzima, anakula, anatembea, anasaga vioo, na bado anataka kulia kwa sababu santuri zimegeuka vijiko? Watamcheka. Na Kinyozi je? Kinyozi alikuwa anakuja kwake kufanya nini, kama si muziki?

Kwa hiyo Jumapili zikaendelea. Kwa albamu za zamani, fundi alitumia kumbukumbu. Alijua tarumbeta inaingia wapi, na kwaya ya nyuma inachelewa wapi, akatikisa kichwa panapostahili. Kwa zile mpya alimtazama Kinyozi usoni kwa pembe ya jicho. Kinyozi akikunja uso, fundi anaandika nne. Akifumba macho, anaandika saba. Ugomvi wao ukapungua, maana alama zilianza kufanana. Kinyozi alitania kwamba ule ugonjwa umempa mwenzake akili. Fundi akacheka naye, huku vijiko vikimporomokea ndani ya fuvu.

Sasa, ilikuwapo albamu moja waliyoitafuta tangu hawajaoa. Iliitwa Taa ya Uani. Bendi yenyewe ilivunjika kabla haijapata jina, na santuri zilichapwa chache. Waliwahi kusikia wimbo mmoja tu kutoka humo, wakiwa vijana, wamesimama nje ya dirisha la watu, na tangu hapo kila soko la vitu vya mitumba waliulizia. Wauzaji waliwazoea, wakiwaona tu wanasema, "Haijaja bado, wazee."

Jumapili moja Kinyozi aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa anahema. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa taulo safi la saluni.

"Kaa chini," akasema.

"Nimekaa."

"Kaa vizuri." Akafungua taulo. Ganda la samawati, pembe zimeliwa na panya, na maandishi ya jina bado yanasomeka. Taa ya Uani. "Bibi mmoja amefiwa na kaka yake, wanauza vyombo. Nilikuwa napita tu, ndugu yangu. Napita tu!"

Fundi akalipokea lile ganda kwa mikono miwili. Akajiambia, huenda hii. Huenda hii ndiyo itakayofungua. Akamwachia Kinyozi aiweke mwenyewe, akafumba macho, akaomba kwa moyo wake wote.

Vijiko. Mifuniko. Ngazi isiyo na mwisho.

Hakufumbua macho. Aliona akifumbua, machozi yatatoka na siri itatoka nayo. Akabaki ameegemea, akitikisa kichwa taratibu, tabasamu limeganda mdomoni, upande wa kwanza mpaka wa pili. Kwa sababu hakufumbua macho, hakuuona uso wa Kinyozi. Sindano ilipoinuka, akachukua kalamu. Albamu ya maisha yao! Akaandika tisa.

"Moja, mbili, tatu," akasema, akafungua kiganja.

Kiganja cha Kinyozi kilikuwa kitupu.

"Mbona hujaandika?" fundi akauliza. "Au unataka kuipa kumi, unaniogopa?"

Kinyozi alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mteja aliyemkuta na kovu kichwani, hajui amwulize au anyamaze. Mwishowe akaitoa santuri, akaielekeza kwenye mwanga. Karatasi ya katikati ilikuwa imekwaruzika, jina halisomeki.

"Fundi," akasema kwa upole. "Hii si Taa ya Uani. Ganda ndilo, lakini ndani waliweka nyingine. Nimeitambua sekunde ya kwanza. Hii ni ile ya tarumbeta za gwaride. Unayo wewe mwenyewe, hapo sakafuni. Uliipa mbili. Ulisema ungeitumia kufunikia ndoo."

Fundi akatazama kiganja chake. Ile tisa ilikuwa imeanza kulowa jasho.

"Nilikuwa nakungoja uruke," Kinyozi akaendelea. "Nikasema sasa hivi atacheka, sasa hivi atatukana. Ukawa unatabasamu. Ndugu yangu, una nini?"

Fundi alifungua mdomo aseme uongo mwingine, akakosa. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka mkewe akaja mbio kutoka jikoni akidhani ni mshipa tena. Na hapo, mbele ya wote wawili, akasema yote: vijiko, daktari, kumbukumbu, kuchungulia uso wa mwenzake. Kinyozi alishika tama.

Mkewe alisimama palepale mlangoni. "Kwa hiyo siku ile," akasema. "Siku ile ulinikataza."

"Ilikuwa inaniumiza. Si wewe. Sauti."

"Mimi nilidhani umenichoka." Sauti yake ilikatika. "Siku zote hizi nimekaa nikifikiri, nimemkosea nini mume wangu, kwamba amefufuka amenichoka."

Akaja akapiga magoti kando ya kiti, akalaza kichwa mapajani mwake. Fundi akamshika nywele. Hata kama angemwambia, imba, mke wangu, imba utakavyo, angeimba nini, akijua kila sauti yake ni kutu masikioni mwa mumewe?

Hawakumlaumu. Labda wangemlaumu ingekuwa nafuu.

Miezi ilipita, daktari akazidi kuzungusha kalamu, vijiko havikukoma. Siku moja fundi alimwita Kinyozi, akamwambia alete mkokoteni.

"Wa nini?"

"Zipeleke saluni kwako. Zipigwe, watu wazisikie. Humu ndani zinanitazama tu."

"Bakiza hata rafu ya juu, bwana. Siku itakaporudi..."

"Ikirudi najua saluni iko wapi."

Wakazibeba pamoja, mikono imejaa, bila ugomvi. Kinyozi alizipanga saluni kwa utaratibu uleule, tisa juu, mbili chini, na vile vibandiko vidogo vya alama walivyokuwa wakibandika kwenye maganda, ya fundi juu na yake chini, hakuvigusa hata kimoja. Chumba cha nyuma kikabaki na alama za vumbi ukutani. Mkewe akahamishia humo meza ya pasi.

Jumapili, Kinyozi aliendelea kuja. Wakakaa sebuleni. Wakaongea habari za mvua, za magoti, za bei ya vioo. Maneno yaliisha haraka, kisha wakawa wanatazama viatu vyao. Zamani walikaa kimya albamu nzima bila kuona kitu. Kimya hiki cha sasa kilikuwa na uzito, kila mmoja akitafuta jinsi ya kukiinua. Taratibu Kinyozi akaanza kukosa Jumapili moja moja. Fundi hakumwuliza sababu, na Kinyozi hakuitoa.

Kisha nywele zikawa ndefu, na fundi hangeweza kwenda kwa kinyozi mwingine. Akaenda mchana, siku ya kazi. Akiwa bado mtaani alisikia mgongano wa vyuma ukitoka mlangoni mwa saluni, akajua ni muziki. Ndani watu walikuwa wakitikisa vichwa, mzee mmoja amefumba macho. Kinyozi alipomwona akaukimbilia mtambo, akazima. Saluni ikapoa ghafla.

"Aa, bwana, ndiyo kwanza tumefika patamu!" akalalamika mteja mmoja.

"Nyamaza wewe," Kinyozi akasema. Kisha akakung'uta kiti, akakigeuza. "Karibu, ndugu yangu. Kaa."

Fundi akakaa. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akakilaza vizuri mabegani, akachelewa kidogo na mikono pale pale. Kwenye kioo fundi aliwaona wateja nyuma yake wakitazamana, na nyuma yao rafu zote, rangi zote za maganda aliyoyajua kwa kuyapapasa tu. Akajaribu kusema kitu cha utani. Machozi yakamtangulia.

Kinyozi akachukua taulo, akamfuta uso polepole, jicho moja, kisha la pili.

"Nywele zimekuingia machoni," akasema kwa sauti, ili wote wasikie.

Mkasi ulikuwa bado uko mezani.

"Ndiyo," fundi akasema. "Zimeniingia."