Pilau Iliyolala

Sufuria kubwa ya pilau ilikuwa bado imefudikizwa uani, imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, na hakuna jirani aliyethubutu kuiazima. Tangu hitima ya mama mkwe wake, wageni walipoanza kutapika hata udi haujawatoka nguoni, Zuena aliitazama kama shahidi aliyegoma kusema.

Yeye alishasema. Nyumba yake ya Buguruni haikaukiwi watu, na kila aliyekuja kumpa pole aliondoka na neno la kutafuna njiani. "Mie simtaji mtu. Ila alfajiri nilimkuta Naima peke yake, kafunua sufuria, kaiinamia."

Naima alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Newala, mpishi wa shughuli zote za mtaa. Neno hilo lilitosha. Kina Mwishehe wakatafuta mpishi mwingine wa harusi yao, na wengine wakafuata.

Kisha akaja Lulu, binti wa kaka yake Zuena, anayesomea bakteria chuo kikuu. Alikuwa amechukua mabaki ya pilau kwenda kuyapima.

"Shangazi, hakuna aliyetia kitu. Ni bakteria."

"Bakteria gani huyo anayepona moto wa Naima?"

"Hawa hujifungia ndani ya ganda gumu, wakalala. Moto unapita, wao wamo. Pilau ikikaa vuguvugu na hewa ikiwafikia, vimeng'enya vyao vya kupumulia vinaingia kazini. Wanapumua, wanazaana, wanatema sumu. Hata ukiipasha, sumu haitoki."

"Si ndiyo nasema. Kafunua, kaingiza hewa."

"Alfajiri walishamaliza kazi yao, shangazi. Nani alitaka ipikwe jioni, ilale mpaka asubuhi?"

Zuena akajitia kutafuta kandambili zake. Naima alitaka wapike asubuhi, kwa kuhofia joto lile. Ni yeye aliyekataa, akaagiza na mfuniko uachwe upenyo, wali usilowane. Kumbe anayeinamia sufuria huenda ananusa tu.

Alasiri akavuka kwenda kwa Naima, maneno kayapanga vizuri mdomoni.

"Karibu, da Zuena."

Naima akamimina chai. Kabla ya kumpa, akapiga funda moja, akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la khanga.

"Nimeshatoa uchawi. Kunywa."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Zuena akapokea kikombe. Vidole vyake vikasita, vidole tu, na Naima akaviona.